Tiki ya Kungoja

Siku ya soko Sosiot, Chepchirchir alikuwa na kabichi mbili kwapani alipojigonga kwenye meza ya Jackton. Kijana huyo mrefu, shati la samawati limepigwa pasi likanyooka, alikuwa akiwaomba wenye simu jambo geni: video na picha zisizo na haraka waziwekee tiki ya "Naweza kungoja". Zingekaa kwenye foleni mpaka jua liwake, ndipo kompyuta kubwa za kampuni yake kule Kedowa zizipitishe kwa stima ya jua, bila kuwasha jenereta.

"Sasa mimi nikingoja nafaidika nini?"

"Utakuwa umenisaidia kupunguza stima. Na mimi nitakupigia kila siku kukushukuru."

Akashukuru kweli, miezi minane mfululizo. Chepchirchir, karani wa kituo cha kununulia majani chai, akawa anatia tiki kila picha ya magunia. Alimpenda, basi.

Mzee, babake Chepchirchir, akachoshwa na vicheko vya simu. Akasema watu wa kijana huyo wa kutoka ziwani waseme kufikia Jumamosi kama watakuja kuposa. La sivyo, kuna familia ya Siongiroi iliyoomba nafasi. Jackton akaahidi kwamba mamake, Jerusa, angesema mwenyewe kwa video Alhamisi hiyo hiyo.

Alhamisi mvua ikanyesha, Ijumaa ikanyesha, Jumamosi pia. Simu ikawa kimya. Chepchirchir alilia jikoni akisingizia moshi. Kumpigia hakuweza, angeonekana anajipeleka mwenyewe. Mzee akasema atawaita wa Siongiroi wakitoka kanisani.

Jumapili jua likatoka. Walikuwa wakivua viatu vya kanisa simu ya Chepchirchir ilipolia, video imeingia: Jerusa, kitambaa cheupe kichwani, akiomba kwa heshima wapewe siku ya kuja. Video ilirekodiwa Alhamisi, na chini yake palikuwa na ile tiki. Mzee akaitazama mara mbili, akarudisha mfukoni simu yake aliyotaka kuwaitia wa Siongiroi.

Chepchirchir akatoka nje kupiga.

"Jackton, uliweka tiki?"

"Akaunti yangu yote iko hivyo, mpenzi. Siwezi kuhubiria watu kitu sifanyi. Nikaona umenyamaza, nikajua mzee amekataa."

"Picha za majani zingoje jua hata mpaka Krismasi. Mimi usiningojeshe tena. Mzee anasema mje Jumamosi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema leo."

Akamsikia akimwita mamake atafute viatu.