Ndoo ya Ghadeer

Wadi Kabir, mjini Maskati, saa tano asubuhi haina nafasi hata ya kugeuza shingo. Pikapu zinapigiana honi, mafundi wanapishana na mabomba mabegani, na muuza chai anapenya katikati yao akiwatukana wote kwa lugha tatu. Siku hiyo ya Oktoba, katika uwanja wa duka la mabwawa ya kuogelea, palikuwa na mwanamume amelala chali ndani ya bwawa.

Maji hayakuwamo. Lilikuwa bwawa la faiba, lile linalotoka kiwandani zima zima kama beseni kubwa la buluu, limewekwa juu ya mbao ili wateja walitazame. Mwanamume alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi hata ikasimama, kofia ya darizi ya zambarau kaiweka kifuani, viatu kavivua na kuvipanga pembeni kwa adabu zote.

"Bwana," sauti ya kike ikamwita kutoka juu, "hilo ni bwawa. Vitanda vinauzwa duka la pili."

Alifumbua macho. Alichoona kwanza ni buti za kazi, ngozi nene, vumbi la saruji hadi kwenye kamba. Juu ya buti ikafuata abaya nyeusi iliyokunjwa mikono, kisha mtandio wa kijani, kisha uso wa mwanamke aliyekuwa akijizuia kucheka na kushindwa.

"Napima," alisema.

"Unapima nini, usingizi?"

"Kama litanitosha."

"Bwawa halijaribiwi kama kanzu. Inuka nikuoneshe."

Huyo ndiye Ghadeer, msimamizi wa ujenzi wa mabwawa, umri miaka thelathini na minne, mtalaka, anaishi na mama yake mtaa wa Darsait. Aliyelala ni Wael, daktari wa meno, mdogo kwake kwa miaka miwili, anajenga nyumba mpya mtaa wa Ansab. Wote wawili ni watu wa asili ya Unguja, na dakika ya pili tu Kiarabu kilishawekwa kando, wanazungumza Kiswahili kama majirani.

Ghadeer alimzungusha uwanja mzima. La faiba, alisema, likifika ni siku chache tu limekwisha, ila winchi italipitisha juu ya ukuta wa jirani, na utaogelea katika umbo alilolipenda mtu wa kiwandani. La pili ni shimo linalovikwa karatasi nzito ya plastiki. Bei nafuu, lakini jua la Maskati litaikausha, na siku moja kitu chenye ncha kitaitoboa. La tatu ni la zege.

"La zege linachukua miezi. Linachosha, linakera, utanichukia," alisema Ghadeer. "Lakini likishakamaa, limekamaa."

"Kama jino," alisema Wael. "La kuzibwa haraka haraka hurudi kwangu."

"Umefahamu. Sasa nambie, nani ataogelea?"

"Mama anataka liwe mbele ya nyumba, mgeni akiingia tu alione."

"Sikuuliza nani atalitazama. Nimeuliza nani ataogelea."

Wael alijikuna kisogo. "Mimi, nadhani. Ila sijui kuogelea."

Ghadeer alicheka hadi fundi aliyekuwa akikata vigae akageuka. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu asiyetania tena, "Basi liende nyuma ya nyumba. Ukuta juu, wanawake wa nyumba waingie majini bila kuchunguliwa, nawe ujifunze bila kuchekwa."

Wael alichagua la zege, nyuma ya nyumba. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumpinga mama yake, Bi Balqees, na mimi nashangaa tu kwamba alingoja hadi miaka thelathini na miwili.

Shimo likachimbwa, na simu zikaanza.

"Bi Ghadeer, nilitaka kuuliza kuhusu vigae."

"Daktari, hii mara ya nne unauliza vigae. Vigae ni vilevile."

"Basi nambie umekula nini."

"Nimekula vumbi lako. Kiwanja chako mwamba mtupu, nyundo mbili zimevunjika leo."

"Pole, roho."

"Umesema nini?"

"Nimesema pole."

"Baada ya pole."

"Mtandao mbaya," alisema Wael, akakata simu, akabaki anatabasamu peke yake mbele ya mgonjwa aliyeachama.

Wakapendana, nini tena cha kuficha. Wael alimletea chai ya majani ya zaatari kwenye chupa, wakainywa ukingoni mwa shimo mafundi wakiwa wanasuka nondo, yeye na kanzu yake yenye harufu ya udi, mwenzake na buti zake. Siku zege lilipomwagwa, Ghadeer alimwambia kila kitu amesimama hapohapo. "Mimi mtalaka. Nilimwacha mume aliyetaka nichague kati yake na kazi. Sijuti. Nakwambia mwenyewe usije ukanong'onezwa na watu."

"Kwani nimeuliza?"

"Hujauliza, nami nakwambia. Kama utakuja kwetu kuposa, mwambie mama yako kwanza. Sitaki kuingia nyumba ya mtu kwa mlango wa nyuma."

Wael alimwambia mama yake. Bi Balqees alikuwa anapepeta mchele, na hakuinua macho. "Mwanamke mkubwa kwako, kashaachika, na anavaa viatu vya mafundi. Mie nnataka mkwe, Wael, sitaki fundi." Wael akanyamaza, akitumaini kuwa mama atalainika. Hiyo ndiyo kasoro yake, nami simtetei. Alikuwa hodari wa kung'oa meno ya watu, lakini neno lake mwenyewe halikumtoka kinywani.

Mwezi wa Mei bwawa likajazwa. Lilipendeza, buluu tulivu chini ya ukuta mweupe. Siku hiyohiyo Bi Balqees akashuka ngazi na wanja wake, akachora mstari juu ya kigae, sawasawa na maji. Siku ya nne maji yalikuwa chini ya mstari, vidole viwili vizima.

"Linavuja!" aliitangazia nyumba nzima. "Nilikwambia! Kakujaza maneno matamu, kakuuzia tundu! Mwandikie sasa hivi, huku nnaona."

Wael akaandika. *Bi Ghadeer, bwawa linavuja. Tafadhali kampuni yenu ije irekebishe.*

Ghadeer aliusoma ujumbe huo amesimama juani. Miezi saba ya 'roho', 'mpenzi', 'umekula nini', leo amekuwa 'kampuni yenu'. Wael hakuuliza hata swali moja. Aliamini tu. Ghadeer akazima simu, akaketi juu ya mfuko wa saruji, akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Kazi yake ndiyo kitu pekee alichotoka nacho katika ndoa ile, na huyu kaichafua kwa mistari miwili.

Wael alipiga mara ishirini na tatu. Simu ya Ghadeer ilipowashwa siku ya pili, aliyepigiwa hakuwa yeye.

"Assalaam aleikum, Bi Balqees. Ghadeer hapa. Ijumaa baada ya alasiri nakuja na ndoo."

"Ndoo ya nini?"

"Ya jina langu."

Ijumaa alikuja. Hakubadilisha buti, makusudi. Alimbusu Bi Balqees mkono, akaizima pampu ya bwawa, akateka maji ya bwawa kwenye ndoo, akaitua juu ya ngazi ya kwanza ya bwawa, maji yakiizunguka kiunoni.

"Naomba wanja wako, Mama." Akachora mstari ndani ya ndoo, na mwingine kwenye kigae. "Jua na huu upepo wa joto vinakunywa maji kote, ndoo na bwawa sawasawa. Lakini ndoo haina tundu. Kesho saa hizihizi tutapima. Bwawa likishuka zaidi kuliko ndoo, mimi muongo, nitalivunja na kulijenga upya, na Wael hatanisikia tena. Likishuka sawa na ndoo, basi ni jua tu, na nyumba hii itakuwa imenivunjia jina bure."

Wael alitokea mlangoni, anahema. "Ghadeer, nisikilize. Ule ujumbe niliandika mama kakaa pembeni yangu."

"Vidole vilikuwa vya nani?"

Wael alimtazama mama yake, akamtazama Ghadeer, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, hata mimi. Akavua kofia, akajitupa majini na kanzu yake. Alizama, akaibuka akikohoa, akasimama, maji yakimfika kifuani, kanzu imevimba kote.

"Sihitaji ndoo!" alipiga kelele. "Livuje, lisivuje, namtaka yeye! Mama, umesikia? Ghadeer, nioe... nikuoe!"

Mtu mwingine angelia kwa furaha. Ghadeer alishika kiuno.

"Toka majini! Umeniharibia kipimo!"

Kweli, mawimbi yalikuwa yameingia ndani ya ndoo na kufuta mistari yote miwili.

"Nakwambia nakupenda, wewe unasema kipimo?"

"Wael, sitaki kuaminiwa kwa sababu napendwa. Leo unanipenda, unasema livuje tu. Kesho tukigombana utasema ulinioa na tundu. Nataka kila mtu humu ndani ajue kazi yangu ni safi, akinipenda asinipende. Mapenzi yako niwekee, nitayachukua nikimaliza. Sasa toka!"

Alitoka, anachuruzika. Bi Balqees, aliyekuwa tayari kumkaripia mwanawe, akamwacha apite. Alimtazama yule mwanamke wa buti akiinama tena, akijaza ndoo tena, akichora mistari tena bila haraka.

"Hakuna mtu kuligusa mpaka kesho," alisema Ghadeer.

"Nitakaa mie mwenyewe," alijibu Bi Balqees. "Simuamini yeyote."

Na alikaa. Jumamosi tangu alfajiri kiti chake kilikuwa ukingoni, tasbihi mkononi, akimfukuza kila aliyesogea, hata paka. Wael hakuthubutu kupita karibu. Alikaa kibarazani, kanzu kavu, amepauka kama mgonjwa anayesubiri zamu.

Ghadeer alifika baada ya alasiri. Aliogopa, sasa naweza kusema, maana aliijua kazi yake lakini mwamba wa Ansab unaweza kupasua hata zege safi. Akatoa rula mfukoni. Bi Balqees akamnyang'anya.

"Nnapima mie."

Alipima ndani ya ndoo. Akapima kwenye kigae. Akarudi kwenye ndoo akapima tena, kisha akaweka na kidole, kama haamini rula.

"Sawa kwa sawa," alisema mwishowe. "Hakuna aliyegusa, wallahi, nimekaa hapa siku nzima." Alijiinua taratibu, akafuta wanja kidoleni. "Ni jua. Nimekudhulumu, Ghadeer mwanangu, na nilisema kwa sauti ya juu. Basi na hili nalisema kwa sauti ya juu." Akaigeukia nyumba. "Bwawa halivuji!"

Ghadeer akageuza uso pembeni haraka, akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Wael akasogea hatua tatu, akasimama.

"Nilikosa," alisema. "Niliogopa, nikaandika. Sina la kujitetea."

"Ukiogopa tena?"

"Nitakuuliza kwanza. Kabla ya mama, kabla ya mtu yeyote. Hapa mbele yake nasema."

Ghadeer akaichukua rula yake, akaitia mfukoni. "Ijumaa ijayo, Darsait, ghorofa ya pili. Uje na wazee wako, na kanzu kavu. Na kabla ya harusi uwe umejua kuogelea. Siolewi na mtu wa kuokolewa."

"Nitafundishwa na nani?"

"Na aliyelijenga."

Bi Balqees akakohoa. "Na hivyo viatu?"

Ghadeer akainua kidevu. "Vitakuja na mimi, Mama. Kazi siachi."

"Nani kasema uache?" Bi Balqees alikuwa ameshageuka, anaelekea ndani kuteleka kahawa. "Humu ndani tunavua viatu mlangoni, vya daktari na vya fundi. Vua uingie, kahawa itapoa."

Ghadeer akainama mlangoni, akafungua kamba moja baada ya nyingine. Buti zake akaziweka katikati, baina ya makubadhi ya Bi Balqees na viatu vya Wael, zikadondosha vumbi lake jeupe sakafuni. Wala hakuomba radhi.