Bomu la Ishirini na Mbili

Kabla ya vita Leland Haugen alikuwa akichora vibao vya maduka huko kwao Minnesota: ng'ombe wa bucha, kiatu cha fundi viatu, mkate wa mwoka mikate. Jeshini akapewa ukoplo, akapelekwa Norfolk, Uingereza, kuziba kwa mabati matundu ya ndege za mabomu. Lakini kambi nzima ilimjua kwa kazi nyingine. Wanajeshi wa angani walimletea majaketi yao ya ngozi, naye akachora mgongoni jina la ndege yao. Chini ya jina, kwa kila safari waliyokwenda kupiga Ujerumani wakarudi, aliongeza bomu dogo la manjano. Safari zikitimia thelathini na tano, mtu alirudishwa kwao.

Asubuhi moja ya Novemba, mwaka 1944, watu tisa wa ndege iliyoitwa Shangazi Tillie walipita kwenye kibanda chake cha mabati wakiwa njiani kwenda ndegeni. Huko juu baridi ilikuwa ya kugandisha mate, hivyo walivaa manyoya, na majaketi ya ngozi yakabaki chini. Wakayatundika kwenye misumari ukutani. Wa mwisho alikuwa Merle Kubicek, mpiga bunduki wa mkiani, mtoto wa wakulima wa Nebraska.

"Lee, sura yako kama soksi iliyovaliwa mwezi mzima," alisema.

"Wewe umejiona?"

"Mimi nakaa mkiani, bwana. Naona tulikotoka tu." Akapiga mwayo. "Hii ni ya ishirini na mbili. Usinipindishie bomu kama la juzi."

"Rudi kwanza, ndipo ulalamike."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, ingawa haikuandikwa popote: bomu halichorwi mpaka magurudumu yaguse ardhi. Leland hakuwahi kuivunja. Lakini siku ile alikuwa amekesha siku tatu akiziba matundu. Alijua wakirudi watataka majaketi yao jioni ileile. Akayatazama yale tisa, akatazama kitanda cha kamba kilichokuwa nyuma ya jiko la makaa. Nikichora sasa, aliwaza, jioni nitalala.

Akachora. Mabomu tisa, moja kila mgongo. Akalala.

Alipoamka saa kumi alasiri ndege zilikuwa zimesharudi, na sehemu ya kuegesha Shangazi Tillie ilikuwa tupu. Watu wa ndege nyingine waliiona ikiingia kwenye wingu karibu na Hamburg. Hawakuiona ikitoka.

Leland hakumwambia mtu alichofanya. Afisa wa kukusanya vitu vya waliopotea alipokuja, alikuta rangi bado mbichi.

"Yakikauka utaniletea," afisa akasema, akaenda zake. Naye alikuwa amechoka. Vitanda tisa vilikuwa vimepata watu wengine kabla ya chakula cha jioni.

Wiki ikapita. Rangi haikukauka.

Siku ya nane kikosi kiliruka tena. Alasiri, ndege ziliporudi, Leland aliinua macho kutoka kwenye bati alilokuwa akilikata. Kwenye kila jaketi, pembeni ya bomu la ishirini na mbili, palikuwa na la ishirini na tatu.

Akadhani ni mzaha wa askari wasio na adabu. Akagusa. Kidole kikatoka na rangi ya manjano. Mkono uliochora ulikuwa wake. Aliujua kwa jinsi alivyokatisha mkia wa bomu. Brashi zake zilikuwa kwenye kopo, kavu.

Kila mara kikosi kiliporuka, bomu liliongezeka. Ishirini na nne. Ishirini na tano. Alifunga mlango kwa kufuli, akaketi akiyakodolea macho majaketi. Akapepesa mara moja. La ishirini na sita lilikuwa limeshafika. Jiko lilikuwa jekundu kwa moto, na mikono ya majaketi ilikuwa na barafu.

Watu walianza kunong'ona kwenye bwalo la chakula. Sajini Ostrowski, mpiga bunduki wa ndege nyingine, mtu mzito asiyependa maneno mengi, alikuja kibandani akaketi juu ya ndoo.

"Huwa tunaruka ndege kumi na mbili," alisema. "Huko juu tunakuwa kumi na tatu."

"Ya nani hiyo?"

"Iko nyuma kabisa. Injini mbili kati ya nne hazizunguki. Hairushi risasi. Inatufuata tu, kama mtu aliyechoka kutembea." Akatazama ukutani, akaondoa macho haraka. "Usiniulize jina, Lee. Nimelisoma."

Leland alianza kuhesabu badala ya kulala. Aliogopa, ndiyo, lakini chini ya hofu kulikuwa na tumaini alilolionea aibu. Zikifika thelathini na tano watapumzika. Watarudi kwao, kwa namna yoyote ile wafu wanavyorudi kwao. Thelathini na mbili. Thelathini na tatu. Mwaka mpya ukaingia na theluji. Tarehe saba Januari, alasiri, majaketi yote tisa yalikuwa na mabomu thelathini na tano.

Akavua kofia. Akasema sala aliyofundishwa na mama yake, kwa Kinorwei, lugha ya wazazi wake, yote aliyoikumbuka.

Rangi haikukauka. Barafu haikuyeyuka.

Kikosi kikaruka tena. Bomu halikuongezeka. Lakini Ostrowski alirudi na uso wa rangi ya majivu. Safari hii hakuketi.

"Imekuja tena," alinong'ona. "Leo ilikuwa karibu. Na kuna mtu aliongea masikioni mwangu, kwenye redio. Sauti ya Kubicek."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mwambieni mchoraji hesabu yake si sawa.' Akarudia. Akarudia mpaka tukavuka bahari. Hakuwa na hasira, Lee. Ni sauti ya mtu anayetaka kwenda kulala." Ostrowski alimtazama. "Ana maana gani?"

Leland alielewa kabla swali halijaisha. Safari ya ishirini na mbili hawakuimaliza. Yeye ndiye aliyewaandikia. Ukutani zilikuwa thelathini na tano. Huko walikokuwa, zilikuwa thelathini na nne, na zingebaki hizo milele, maana ukutani hesabu ilikuwa imefungwa.

Asubuhi iliyofuata, injini zilipoanza kunguruma uwanjani, alichukua wembe mpya. Akaanza na jaketi la rubani. Akakwangua bomu la ishirini na mbili, taratibu, asiikate ngozi. Rangi ilitoka kwa urahisi. Chini yake ngozi ilikuwa na joto. Joto la mgongo wa mtu. Na ilipanda na kushuka.

Hakuacha. La pili. La tatu. Nyuma yake kitanda cha kamba kililia, kama mtu ameketi. La nne. Kililia tena. Hakugeuka. Alipofika la tisa, la Merle, alikuwa akilia bila sauti, na mtu alikuwa akipumua karibu na sikio lake. Pumzi ya baridi. Ilinuka petroli.

"Samahani," Leland alinong'ona. "Nilichoka tu."

"Hata sisi," sauti ikasema.

Akaketi sakafuni mpaka alasiri. Saa tisa na nusu ndege zikarudi. Alizihesabu kwa masikio, moja moja, mpaka kumi na mbili. Kisha kimya. Kisha, kutoka upande wa bahari, injini mbili.

Zilipita juu ya paa chini sana. Mabati yakatetemeka. Akasikia magurudumu yakigusa lami yenye maji. Akasikia breki. Alipotoka mbio, uwanja ulikuwa mtupu, ila madimbwi yalikuwa yamegawanyika katikati, mistari miwili mirefu, na maji yake yalikuwa bado hayajarudi mahali pake.

Akaingia ndani. Kwenye kila jaketi, katika pengo alilokwangua, palikuwa na bomu dogo la manjano. Akagusa kwa kidole. Lilikuwa kavu.

Kesho yake akayakabidhi kwa afisa, na majaketi tisa yakasafirishwa kwa familia zao.

Mwezi wa nne ikaja barua kutoka Nebraska, kwa mwandiko wa mama asiyeandika mara kwa mara. Bi Ludmila Kubicek alimshukuru kwa kazi nzuri ya mikono yake. Jina lake alilikuta kwenye barua za mwanawe. Koti lilifika mwezi wa tatu, alisema. Kisha akaandika:

*Lakini mwanangu, nina swali, nawe usinione mwehu. Januari, siku nyingi kabla ya koti kufika, niliamka nikakuta kitanda cha Merle kimelaliwa. Blanketi limekunjwa kwa namna yake. Sakafuni kulikuwa na nyayo za matope kutoka mlangoni hadi kitandani. Hapakuwa na za kutoka. Matope hayo ni ya kijivu, yana vipande vyeupe kama chokaa. Kwetu hakuna udongo wa namna hiyo. Sijafagia. Niambie, udongo wa huko ukoje?*

Leland aliisoma barua mara mbili. Akakwangua kisigino cha buti lake kwa kisu, akafunga donge moja kwenye karatasi, akalituma bila kuandika neno.

Mwezi wa sita bahasha ilirudi. Ndani kulikuwa na madonge mawili ya udongo mkavu, wa kijivu, wenye vipande vyeupe, na mstari mmoja wa mwandiko uleule:

*Lako na la sakafuni niliyaweka mezani pamoja. Sasa sijui tena lipi ni lako.*