Sweta za Kijani Zilizotoka Buluu

Ukitaka kumpata Kidole baada ya masomo, usijisumbue kwenda kwao. Nenda studio ya picha ya shangazi yake: chumba kimoja chenye pazia zito, viti vya wateja, na kompyuta iliyokaa ubavuni mwa printa kubwa. Akifika tu anasalimia, anafagia, kisha anakata picha za pasipoti kwa mkasi huku ulimi umechungulia pembeni ya mdomo. Jina la Kidole alipewa na shangazi mwenyewe, na wala hakuonewa. Msichana yule akiona kitufe, sharti akibonyeze.

Wiki hiyo shangazi alikuwa amependekezwa kwa kazi kubwa, ya kupiga picha za wanafunzi wote wa shule ya Kidole. Mwalimu mkuu alitaka kwanza aone chache za mfano. Zikimridhisha, kazi yote ni ya shangazi. Basi shangazi alishinda akiimba, na sauti yenyewe, tuseme ukweli, haikuwa ya kuimbia.

Alipotoka kununua karatasi, Kidole akafungua katuni kwenye kompyuta. Akaiona ina giza giza. Akabonyeza vitufe vya chini ya skrini: mwanga akaupandisha mpaka mwisho, na rangi akazivuta upande wa manjano. Lo, ikapendeza hiyo! Mara akasikia viatu vya shangazi mlangoni. Akafunga katuni mbio mbio, lakini skrini hakuirudisha ilivyokuwa.

"Mbona leo skrini inang'aa hivi?" shangazi aliuliza akivuta kiti. "Umeifuta vumbi, eh? Hongera, mwanangu."

Sifa hizo hazikuwa za Kidole, lakini zilikuwa tamu. Akatabasamu tu.

Shangazi akafungua picha za mfano alizokwisha kupiga shuleni. Sweta za shule ile ni za kijani, lakini pale kwenye skrini zilionekana kama majani yaliyoanza kukauka, na nyuso zilimeremeta kupita kiasi. "Kamera hii nayo!" akanung'unika. Akapunguza manjano, akaongeza buluu, akashusha mwanga, akaongeza buluu tena, hadi sweta zikakaa sawa machoni pake. Akachapisha. Kwa kuwa wateja walishajaa, alizitia picha kwenye bahasha bila kuzitazama mara mbili.

Asubuhi yake Kidole aliipeleka bahasha kwa mwalimu mkuu. Mwalimu akatoa picha moja, akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda.

"Mwambie shangazi yako," alisema, "kwamba amepiga picha nzuri sana za shule ya jirani."

Kidole akachungulia. Masikini! Sweta zilikuwa za buluu kabisa, kama za shule iliyo ng'ambo ya barabara, na nyuso za wenzake zilikuwa nyeusi za kibuluu kama za watu waliolala nje kwenye baridi.

"Nataka nyingine kesho," mwalimu akaongeza. "La sivyo, nitatafuta mpiga picha mwingine."

Shangazi aliposikia hayo, alipanda mori. "Ni yule fundi! Juzi tu nimemwita asafishe printa, ona alivyoniharibia!" Akampigia simu, naye fundi akaja anahema na mkoba wake begani. Fundi yule hakosi mzaha, na humwita Kidole "bosi." Siku hiyo hakupewa hata nafasi ya kusalimia. Aliifungua printa, akasafisha, akafunga, akazichapisha upya zile picha. Sweta zikatoka buluu vile vile.

"Dada, printa hii ni nzima," alisema kwa sauti ya chini.

"Nzima ya wapi? Leo ndiyo mwisho wako kukanyaga hapa. Na wenye studio wote nitawaambia wasikuite!"

Kidole aliitazama mikono ya fundi iliyochafuka wino. Alijua akisema, huenda asiiguse tena kompyuta ile. Na akinyamaza, mtu huyu atakosa kazi kwa kosa ambalo si lake.

"Shangazi," akasema, machozi yakimlenga, "fundi hana kosa. Ni mimi. Nilibadilisha mwanga na rangi za skrini ili nitazame katuni. Na vumbi sikufuta."

Fundi akajikalia sakafuni pu! "Kumbe! Nimempasua printa mpaka matumbo, na mgonjwa ni jirani yake!"

Akatoa mkobani kifaa kidogo cha kupimia rangi, akakining'iniza mbele ya skrini. Akafunga pazia na kuzima taa ili mwanga wa nje usivuruge vipimo. Skrini ikaonyesha nyekundu, kijani, buluu, nyeupe, kijivu, moja baada ya nyingine, kifaa kikipima na kompyuta ikirekebisha. "Bosi, mikono mapajani," fundi alionya, na Kidole akaikalia kabisa.

Ilipokwisha, Kidole akashangaa. "Mbona imefifia? Ile yangu ilikuwa nzuri zaidi."

"Ilikupendeza," fundi alisema, "lakini ilikudanganya."

Shangazi akafungua picha kama zilivyotoka kwenye kamera. Sweta zilikuwa kijani safi tangu mwanzo! Akachapisha moja, akamvuta Kidole kwenye mwanga wa mlangoni, akaiweka picha juu ya sweta aliyoivaa. Rangi zilikuwa zile zile.

"Fundi, nimekukosea. Nisamehe sana."

"Yameisha, dada. Lakini chai lazima."

Kisha shangazi akamshika Kidole mabega. "Umeniudhi, sikufichi. Lakini sikiliza. Nilichokiona kwenye skrini kilikuwa cha uongo, ndiyo maana kila nilivyojitahidi kurekebisha, nilizidi kuharibu. Uliponinyamazia, nikafanya hivyo hivyo kwa huyu fundi. Nilimwona mbaya, nikaanza kumwadhibu. Ukikosea, niambie mapema. Nitapiga kelele, mdomo wangu unaujua, lakini nitajua cha kurekebisha."

Kesho yake mwalimu mkuu alizitazama picha mpya, akatabasamu. "Hizi sawa! Zile za jana zilikuwa na nini? Printa iliharibika?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Lakini Kidole akatikisa kichwa.

"Hapana, mwalimu. Nilichezea skrini na sikusema. Shangazi hakukosea, wala printa."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akamtazama vizuri. "Basi mwambie shangazi aje na kamera yake," alisema. "Na wewe uje naye, umsaidie."