Kufuli Jekundu la Fundi wa Lifti

Lifti ya jengo lile ilikuwa na tabia zake. Jumatatu moja asubuhi, watu wamejazana chini wanatazama saa zao, ikaamua kukwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Ndani alikuwemo mtu mmoja tu, msaidizi wa daktari wa meno, amevaa sare ya kijani iliyopigwa pasi ikanyooka na viatu vyeupe vya mpira, kwapani kabana boksi la barakoa. Alibonyeza kila kitufe kilichokuwepo, kisha akakumbuka kengele, naye akaionea kengele kwelikweli.

"Dada, nimekusikia tangu mara ya kwanza," sauti ya mwanamume ikasema nje ya mlango. "Ukiendelea utaiunguza, halafu nitakuwa na kazi mbili."

"Nitoe kwanza. Mzaha baadaye."

"Uko peke yako humo?"

"Niko na hofu yangu."

"Basi mko wawili. Kaeni chini. Napanda juu kuzima umeme, halafu nakuja kuwafungulia kwa mkono."

"Na mtu akiuwasha wakati mguu wangu mmoja uko nje?"

Fundi alilipenda swali hilo. Wengi wanaokwama humuuliza watachelewa kiasi gani, na wengine humtukana.

"Hawezi. Swichi kuu naipiga kufuli langu mwenyewe. Ufunguo ni mmoja na uko mfukoni mwangu. Hata bosi wangu hana."

Mlango ulipofunguka, yule dada alimwona kijana mrefu wa ovaroli ya buluu, grisi kidevuni, anamnyooshea mkono huku anatabasamu. Mwanamke mwingine angetazama macho. Huyu alitazama kazi yake.

"Jino la juu kushoto limeanza kutoboka," akasema, kabla hata ya kusema asante.

Fundi akafunga mdomo. Siku ya pili alikuwa kwenye kiti cha kliniki, ghorofa ya nne, na siku ya tatu akarudi kudai kwamba jino la pembeni nalo linamsumbua. Jino la pembeni lilikuwa zima kama jiwe. Daktari alijua, msaidizi alijua, na hata mgonjwa aliyekuwa anasubiri zamu yake alijua.

Mapenzi yao yalikulia katika jengo hilo na katika simu za saa ya chakula. Fundi alimwita Daktari, ingawa alikatazwa. Yeye alimwita Fundi wangu, na hilo "wangu" alilivuta kidogo. Fundi alimfundisha desturi ya kampuni yao: kabla mtu hajaingia kwenye shimo la lifti, lazima amuulize mwenzake maswali mawili na ajibiwe kwa sauti. Fundi mwenzake, mzee mmoja wanayemwita Mzee Grisi, alikuwa kaifanya kazi hiyo miaka thelathini na hajawahi kuteremka bila kuuliza. Wapenzi nao wakayafanya maswali hayo kuwa salamu yao.

"Nani amefunga?" msaidizi angeuliza simuni.

"Mimi, mpenzi."

"Ufunguo uko wapi?"

"Mfukoni mwangu. Moyo ndio siuoni, sijui nani kauchukua."

"Hebu tafuta vizuri, huenda uliuangusha shimoni."

Fundi alikuwa na mchezo wa kasino pia, wala hakumficha. Siku ya kwanza alipomwona anazungusha zile picha za matunda na nyota kwenye simu, wamekaa mgahawani wanasubiri chai, msaidizi aliuliza, naye akajibu bila kuona haya.

"Kasino ya mtandaoni. Lakini mimi nacheza kwa usalama."

Akamhesabia kanuni zake kama anavyosoma karatasi ya ukaguzi wa lifti. Anacheza kwenye kasino yenye leseni tu. Ameweka kikomo cha wiki, kikifika mchezo unamkatalia. Kengele ya simu inalia baada ya dakika ishirini. Hakimbizi kilichopotea, na hachezi akiwa na hasira. Msaidizi alisikiliza akaridhika, na niseme ukweli, alimpenda zaidi. Mwanamume anayeijali hatari namna hiyo, alijiambia, hata nyumba ataijali.

Kosa halikuwa kwenye kanuni. Zilikuwa kanuni nzuri. Kosa ni kwamba aliyezilinda na aliyetaka kuzivunja walikuwa mtu mmoja, tena walitumia kidole kimoja. Kikomo kilipomkera, akaomba kiongezwe. Kasino ikamwambia asubiri siku nzima, utaratibu uliowekwa ili mtu atulie na kufikiri. Yeye hakutulia. Alifungua akaunti kwenye kasino ya pili, akaiwekea kikomo chake na kengele yake, kisha akafungua ya tatu. Akawa na mchezo salama mara tatu, na simu inalia kengele kutwa kama saa ya shule.

Mwenyewe aliogopa. Mchana mmoja alipanda mpaka kliniki, macho mekundu, akamwekea msaidizi simu mezani kati ya makoleo na pamba.

"Badilisha maneno ya siri yote matatu. Usiniambie. Nikikuomba, ukatae."

"Na ukininunia?"

"Siwezi kukununia wewe."

Alimnunia siku ya tano. Kwanza aliomba kwa maneno matamu, mara moja tu, laazizi, leo bahati ninaiona. Alipokataliwa akanyamaza siku mbili. Msaidizi hakulala vizuri, na siku ya tatu akampa neno la siri moja. Akampata Fundi wake wa zamani, mcheshi, mwenye kumwita Daktari, kwa muda wa alasiri moja. Kesho yake alilibadilisha lile neno, naye akaanza kuomba upya. Ikawa ndiyo maisha. Akimpa anajilaumu, akimnyima anaadhibiwa. Simu iliyokuwa inamchangamsha saa ya chakula sasa ikitetemeka mfukoni mwa sare na yeye anatetemeka. Kwenye mapenzi haya kila mmoja alikuwa amekwama, na hakuna aliyejua aibonyeze kengele ipi.

Nyumbani, mama yake msaidizi naye hakumpa nafasi.

"Huyo fundi wako nitamwona lini, mwanangu? Au ni fundi wa kwenye picha?"

"Jumapili, Mama."

"Jumapili ipi? Hizi zimeshapita nne."

Msaidizi akapiga moyo konde. Alimpigia Fundi Alhamisi asubuhi.

"Jumapili ya mwisho wa mwezi uje umwone Mama. Kama utakuja na mchezo huo, usije kabisa. Sitampelekea mama yangu mkwe ambaye mimi mwenyewe namchunga."

"Nimesikia. Nitaacha. Nipe neno la siri moja tu, la leo, nimalizie."

"Hapana."

"Mpenzi."

"Nimesema hapana."

Simu ikakatika. Sasa tazama hasira inavyofanya kazi. Saa sita mchana Fundi alikuwa ghorofa ya saba, kwenye chumba cha mashine, peke yake. Mzee Grisi alikuwa chini, anapanda juu ya paa la lifti kukaza nati. Kufuli jekundu lilipaswa kuwa kwenye swichi kuu. Lilikuwa mfukoni kwa Fundi, pamoja na ufunguo wake, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye simu. Alikuwa anajisajili kasino ya nne. Alitaka azungushe mara moja, halafu afunge.

"Nani amefunga?" Mzee Grisi aliuliza kwenye redio ya mkononi.

"Mimi," Fundi akajibu, macho kwenye kioo.

"Ufunguo uko wapi?"

"Mfukoni."

Ulikuwa mfukoni kweli. Ulimi ulijibu kwa mazoea, kama mtu anavyosema salama huku anaumwa.

Wakati huohuo msaidizi alikuwa anatoka dukani, na mikate miwili na maziwa kwenye mfuko. Roho ilikuwa imemsuta kwa ile "hapana" kavu. Alitaka amfikishie Fundi wake chakula huko ghorofa ya saba alikozoea kumkuta, wasemezane uso kwa uso. Mlangoni pa lifti hakukuwa na kibao cha kuonya watu, maana kibao huning'inizwa baada ya kufunga. Akaingia, akabonyeza saba.

Lifti ikaanza kupanda, na juu ya kichwa chake mtu akapiga ukelele. Kikasikika kishindo, lifti ikasimama ghafla kati ya ghorofa. Mzee Grisi alikuwa amekifikia kitufe cha kusimamisha, kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umeshabanwa.

Msaidizi alimjua kwa sauti. Alimsikia anamwita Mungu, kisha anamwita mkewe, na baadaye anahema tu. Maziwa yalimwagika yakaloanisha viatu vyake vyeupe. Hakubonyeza kengele. Alikaa chini, kama alivyofundishwa siku ile ya kwanza, akasubiri mpaka watu wakamshusha mzee kutoka kule juu, na mpaka zikaja hatua za mtu mmoja mlangoni.

"Mpenzi, uko mzima?"

"Nani amefunga?"

Nje viatu vilirudi nyuma hatua moja.

"Nimekuuliza, Fundi."

"Sasa nimefunga."

"Nilipoingia humu. Nani alikuwa amefunga?"

Msaidizi aliusikia mgongo wa Fundi ukiteleza kwenye mlango, akajua naye ameketi sakafuni upande wa pili.

"Kufuli lilikuwa mfukoni," akasema. "Nilikuwa kwenye simu." Laiti angeishia hapo. Lakini aliyebanwa hushika chochote, naye akashika kilichokuwa karibu. "Ungenipa lile neno asubuhi, nisingekuwa nahangaika kujisajili kwingine."

Mlango ulipofunguliwa, msaidizi alitoka bila kushika mkono alionyooshewa. Aliteremka kwa ngazi, na tangu siku hiyo akawa anapanda kwa ngazi. Namba ya Fundi aliizuia. Jumapili ya mwisho wa mwezi mama yake alipika, akafunika, akafunua wakala wawili, bila swali.

Siku kadhaa baadaye Mzee Grisi akaingia kliniki, mkono umefungwa bendeji mpaka kiwiko.

"Sikuja kumwombea mtu msamaha," alisema kabla ya kuketi. "Nimekuja jino."

"Karibu, mzee. Mkono unaendeleaje?"

"Vidole viwili havikunjiki. Daktari anasema vitakunjika. Yeye ndiye anasema." Akafungua mdomo, kisha akaufunga tena. "Yule kijana alisimama mbele ya bosi akaeleza yote, mpaka hiyo kasino. Angeweza kusema swichi ilikuwa mbovu, tungemwamini. Sasa yuko stoo, anapanga misumari. Simtaki shimoni na mimi, bado. Haya, tazama jino."

Msaidizi alitazama jino, lakini hakuliona vizuri kwa machozi. Jioni, kabla jua halijazama, aliifungua ile namba aliyokuwa ameizuia.

Haikupiga siku hiyo wala iliyofuata. Ilipiga Ijumaa saa ya chakula.

"Niko chini, kwenye ngazi," Fundi akasema. "Sipandi usiponiita."

"Ninashuka."

Alimkuta kwenye ngazi ya kwanza, shati jeupe limenyooshwa, amepungua, nywele zimekatwa karibu. Watu walikuwa wanawapita wakielekea lifti. Msaidizi akakaa, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Neno nililokuambia mlangoni," Fundi alisema, "lilikuwa la uongo na nilijua ni la uongo. Si wewe uliyenishikisha simu."

"Mimi ndiye niliyebonyeza saba."

"Ulibonyeza lifti iliyotakiwa kuwa imefungwa. Usiubebe huo mzigo, ni wangu."

Msaidizi alikuwa amengoja kuambiwa hivyo na hakujua kama anangoja. Alilia kidogo, akajifuta kwa mkono wa sare. Fundi akatoa simu.

"Kila kasino ina mahali pa mtu kujifungia mwenyewe. Wiki, miezi sita, miaka mitano. Nilikuwa nakuona kila siku hicho kitufe, nikasema ni cha walioshindwa. Tatu nimeshazifunga miaka mitano. Imebaki ile ya nne, ya siku ile. Nilitaka ubonyeze wewe."

Akamsogezea simu. Msaidizi akaitazama, akaweka mikono yake mapajani.

"Sishiki."

"Kwa nini?"

"Ulinifundisha mwenyewe. Anayeingia shimoni ndiye anayefunga, na ufunguo anakaa nao yeye. Ulinipa mimi, nikawa askari wako. Sitaki kuwa mke askari, Fundi. Funga mwenyewe."

Kidole kilienda mpaka juu ya kioo kikasimama. Msaidizi aliona jinsi anavyoutaka huo mchezo hata sasa, mbele yake, baada ya vidole vya Mzee Grisi. Hakumsaidia. Watu watatu walipita. Fundi akavuta pumzi, akabonyeza, akathibitisha, akabonyeza tena.

"Nani amefunga?" msaidizi akauliza polepole.

"Mimi."

"Ufunguo uko wapi?"

"Safari hii haupo. Hata nikiomba, hawanifungulii." Akaugeuza uso wa simu chini, kwenye goti. "Ila kasino ziko nyingi, sitakudanganya. Kila Jumanne napiga simu ya msaada, kuna mama mmoja ananisikiliza. Naogopa, Daktari."

"Na mimi naogopa."

Walikaa hivyo mpaka saa yake ya chakula ikaisha. Alipoinuka hakuelekea ngazi. Alisimama mbele ya lifti, mfuko wa sare umekunjwa ngumini, na mlango ulipofunguka akaingia, akauegemeza mgongo ukutani. Fundi alibaki nje.

"Ingia basi," akasema. "Au unataka nikwame peke yangu tena?"

Aliingia. Msaidizi akabonyeza nne, kisha akamshika mkono, akahesabu ghorofa kwa sauti ya chini, moja, mbili. Baada ya tatu lifti ikasita, ikatikisika kama ilivyo tabia yake. Kucha zake zikazama kwenye kiganja cha Fundi. Lifti ikatikisika tena, ikaendelea.

Mlango ulipofunguka ghorofa ya nne, alitoka, akajinyoosha sare.

"Jumapili saa nane," alisema. "Vaa shati hilohilo. Na Mama anaishi ghorofa ya kwanza, hakuna lifti."