Vidole Ukutani

Kila mchana, jua likiwaka baada ya mvua, ukuta wa chumba cha mama mkwe uligonga. Ko. Kimya. Ko, ko. Mkamwana aliusikia akiwa uani anafua, akaziacha nguo ndani ya povu.

"Huyo kaja," mama mkwe alisema kutoka ndani, kwa sauti ya mtu aliyepata mgeni wake.

Mume wa mama mkwe alifariki mwaka uliopita machimboni, chini ya mwamba ulioporomoka. Mwana wao, fundi mwashi na mume wa mkamwana, alitumia mawe ya machimbo yale yale kumjengea mama yake chumba. Yalikuwa mawe mapana, meusi, ya kumetameta. Aliyasimamisha wima, uso mzuri utazame nje, na mtaa mzima ukamsifu. Zikaja mvua. Ukuta ukaanza kugonga, na mama mkwe akasogeza kitanda mpaka mto ukagusa mawe.

"Mama, tukivute kitanda kidogo," mkamwana alimsihi.

"Miaka arobaini nimelala naye. Leo ndiyo nimwogope?"

Kila asubuhi mkamwana alikung'uta shuka, na vipande vyembamba vya jiwe vikaanguka vikimeta. Siku moja likabanduka ganda zima. Nyuma yake vikaonekana vidole vinne, virefu, vyeupe, vimelala sambamba. Mkamwana alirudi nyuma. Mama mkwe alivipapasa kimoja kimoja.

"Mkono wake," alisema, akalia kwa furaha. Furaha hiyo ilimtisha mkamwana kuliko vidole vyenyewe.

Mkamwana alilifunga lile ganda, lililobanduka na vipande vya vidole vile, katika kanga, akaenda nalo kwa mchonga mawe ya makaburi. Watu walimwita Bi Patasi, na hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Niambie kweli, Bi Patasi. Hii ni mifupa ya mtu?"

Bi Patasi aliligeuza, akalipuliza vumbi. "Mifupa gani! Hizi ni kokoto za mto wa zamani. Zilikuwa duara kama kokoto yoyote. Zikafukiwa pamoja na tope, chini kabisa ardhini. Huko kuna joto kali na mgandamizo mkubwa. Zikavutwa, zikarefuka."

"Ziliyeyuka?"

"Hata. Udongo ukiingia tanuruni unatoka chungu. Umeyeyuka? Umegeuka tu. Mwamba wa namna hii unaitwa mwamba geu."

Akamwonyesha mawe mawili. La kwanza lilikuwa jeupe, halina tabaka. "Hili ni marumaru. Lilikuwa jiwe la chokaa. Na hili la pili lilikuwa jiwe la mchanga; limegeuka kwatzaiti, gumu ajabu. Hayo kwa kawaida hayana tabaka kama kurasa. Lakini tope likigandamizwa, chembe zake bapa hujipanga upande mmoja. Kwanza linakuwa sleti, laini, la kupasuka vipande vyembamba. Joto likizidi linakuwa shisti, linang'aa. Likizidi tena linakuwa naisi, lenye mistari mipana. Lako ni shisti. Mmelilazaje ukutani?"

"Limesimama."

Bi Patasi aliweka patasi chini. "Nani analala hapo?"

Walikwenda mbio. Mwashi alikuwa mlangoni; aliposikia kuwa ukuta wake una kasoro, akanuna. "Mimi, mtoto wa mchimba mawe, nifundishwe mawe na mchonga makaburi?"

Bi Patasi alimpita, akaingia chumbani. Alichomeka kisu ukutani. Kikazama mpaka mpini.

"Maji yanaingia kati ya kurasa," alisema. "Jua likiwaka, zinaachana. Ndiyo ko, ko yenu. Na uzito wa paa unazifungua zaidi. Jiwe lenye tabaka lilazwe, uzito ulifunge kama kitabu."

Mwashi alikitazama kisu. Kiburi chote kilimwisha.

"Mimi sitoki," mama mkwe alisema kitandani. Ukuta ukagonga. Ko.

Mkamwana alipiga magoti, akamshika mikono. "Mama, baba aliuawa na mawe haya. Angekuita uje ulale chini ya mawe hayo hayo?"

Mama mkwe aliugusa ukuta kwa kiganja. Kisha akatafuta ndara zake kwa miguu.

Walikuwa bado uani jiwe lilipoanguka. Walirudi, wakalikuta juu ya mto. Mwashi aliketi chini kama mtoto.

Wiki mbili zilizofuata walibomoa na kujenga upya. Mwashi alitazama ubavu wa kila jiwe, akatafuta tabaka, akalilaza kama lilivyopenda kulala. Majirani wawili walikuja kuangalia, wakaenda kukagua kuta zao.

Mvua ikanyesha, jua likawaka. Mkamwana alimkuta mama mkwe ameegemeza sikio ukutani.

"Unasikia kitu, mama?"

"Hapana." Machozi yalimtiririka. "Mwanangu, leo ndiyo nimefiwa."

Mkamwana akaketi kando yake, akamkumbatia, wakalia wote wawili.