Kalamu ya Ncha Pana

Rafiki yangu Aminieli wa Lemara ana dharau kuliko kipaji. Anaandika majina kwa kalamu za mapambo: ncha nyembamba kwa kadi za harusi, ya wastani kwa vyeti vya kipaimara, pana kwa misalaba ya makaburini. Wengine wote, kwake, wanaparura tu.

Mchana mmoja aliingia duka la vifaa vya kuandikia Kaloleni, la ndani kabisa, lisilo na dirisha.

"Hizi nyembamba kawauzie kuku, mama," alimwambia mwenye duka. "Nipe pana."

"Ijaribu kwanza, baba. Andika jina lako."

"Jina langu siandiki kwenye makaratasi ya ovyo."

Akaandika neno alilolizoea, Marehemu, akaiweka kalamu mezani. Umeme ukakatika.

Gizani akasikia ncha ikikwaruza karatasi, taratibu, kama ya mtu anayeijua kazi yake.

"Mama, acha kuchezea kalamu!"

"Kalamu gani? Niko huku nyuma kwenye mita ya luku, naangalia umeme."

Umeme ukarudi. Kalamu ilikuwa palepale, wino bado mbichi. Mwandiko ulioongezwa ulikuwa mzuri kuliko wake, mwenyewe anakiri kwa uchungu: Marehemu Aminiel.

Bado i moja jina litimie.