Si wa Kuuza

Siku ya mnada Karatu, fahali akikata kamba kila mtu anamkumbuka Mungu wake. Hhando alikumbuka picha. Fahali anakuja kichwa chini, vumbi jekundu limetanda, akina mama wanapiga mayowe, na kijana huyu mwenye rangi kwenye kucha anatafuta pa kuificha picha aliyoichora! Mkono uliojaa bangili za shanga ukamvuta nyuma ya lori la vitunguu.

"We kaka, una wazimu? Picha utachora nyingine. Roho utaichora?"

"Sijauza kitu tangu mvua zianze," Hhando alijibu, akiikumbatia picha. "Hii ndiyo tegemeo langu."

Msichana akacheka. Alivaa shuka la zambarau, hereni zinazogusa mabega, na raba nyeupe zisizo na doa katikati ya samadi yote ile. Aliitwa Naipanoi, mtunga shanga, Mmasai wa Oloipiri aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake mjini. Haki ya Mungu, Hhando alizipenda raba kwanza. Mwenye raba alimpenda dakika moja baadaye.

Haukupita muda wakapanga banda moja kando ya lami, picha ukuta wa kushoto, shanga kulia. Kuuza sasa ndiko kulikokuwa kazi! Magari ya wageni yaliwapita mbio, yakaenda kwenye maduka makubwa yanayowapa madereva kamisheni. Mwenye banda alikuwa ameanza kuwasalimia bila kutabasamu, nao wakijua maana yake ni kodi.

"Mpenzi, kisichouzwa kiandikie kibao," Hhando alikuwa akimtania. "Mgeni akikishika mimi nitajuaje?"

"Kwetu hata mtoto anajua."

"Mimi si mtoto wa kwenu."

"Bado," Naipanoi alisema, akamfinya shavu.

Alhamisi basi lilimletea Naipanoi mzigo kutoka kwa mama yake. Ndani mlikuwa na ushanga mpana wa shingoni, mweupe kama maziwa, ambao mama aliutunga kwa mkono wake. Jumapili Hhando angekuja na wazee wake wa Kiiraqw kwa shangazi kuposa, na Naipanoi angetoka ameuvaa. Hiyo ndiyo ingekuwa ridhaa ya mama mbele ya baba wadogo, ambao hawakumtaka kabisa huyo mchora picha. Naipanoi hakumwambia Hhando, alitaka amshtukize. Akautundika msumarini, akaufunika kwa shuka, akaenda kununua chai na chapati.

Ndipo gari la Josephati, dereva wa wageni, lilipopata pancha mbele ya banda. Bibi mmoja wa Kizungu akashuka, akaingia, akafunua shuka.

Naipanoi aliporudi gari lilikuwa limeondoka zamani, akamkuta Hhando anacheza peke yake.

"Mama wee, nimeuza! Ule mkubwa wa chini ya shuka! Hakuomba hata kupunguziwa!"

Chai ilimwagikia raba nyeupe.

"Ule ni wa Yeyo," alisema. "Mama yangu kanitungia wa kuolewa. Baba wadogo watasema umeuza ridhaa yake."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza? Toka! Nenda, na usirudi bila huo ushanga!"

Hhando alirukia bodaboda huku anampigia Josephati.

"Kaka, nisubiri, nakuja na pesa yake yote!"

"Bwana, sisi tuko geti la hifadhi. Kibali kikitoka tu tunapandisha. Na bibi ameshauvaa, anajipiga picha..."

Mtandao ukakata.

Ukungu ukashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, mvua ikafuata. Naipanoi alipiga simu, akapiga tena. Mteja unayempigia hapatikani. Saa kumi dereva mmoja aliyetoka juu alisimama kujikinga na mvua.

"Huko juu leo si mchezo," alisema. "Nimeona bodaboda imelala mtaroni karibu na geti. Nyati wamejaa barabarani."

"Na watu wake?"

"Sikuona mtu, dada."

Usirudi. Ndivyo alivyomwambia! Laiti ulimi ungekuwa na breki.

Simu ikalia. Akaidaka akidhani ni Hhando. Alikuwa mama yake, na Naipanoi akamweleza yote kwa kwikwi.

"Yeyo, umekasirika?"

"Nimekasirika sana. Ushanga nitatunga mwingine, kesho nakuja. Kijana yuko wapi?"

"Sijui, Yeyo. Sijui yuko wapi."

"Basi kaa hapo umngoje."

Alingoja, na kila pikipiki iliyopita bila kusimama ilimtoa roho. Maduka ya jirani yalikuwa yanafungwa alipotokea mtu anachechemea, tope mpaka shingoni, kiatu kimoja. Mikono mitupu.

"Sikuwahi," Hhando alisema. "Gari limeingia hifadhini naliona kwa macho yangu. Mimi na wa bodaboda tulipogeuka tukaanguka, nyati wakasimama barabarani, tukajibanza mtaroni hata kupumua tunaogopa. Nisamehe. Umesema nisirudi, ila sina pengine pa kwenda."

Naipanoi alimpiga kifuani, ngumi mbili, kisha akamkumbatia na tope lake.

"Nilidhani umekufa, mjinga wewe!"

"Jumapili naiogopa kuliko wale nyati."

"Na mimi. Yeyo anakuja kesho na shanga na uzi, tutatunga wote. Wewe utashika uzi."

"Na baba zako wadogo wakinikataa?"

"Nitasimama upande wako. Naogopa, lakini nitasimama."

Hhando alichana kipande cha boksi, akachukua brashi. Akaandika kwa rangi nyekundu: SI WA KUUZA.

"Kibao cha ushanga mpya," alisema. "Nisirudie tena ujinga."

Naipanoi akakisoma. Akatoboa matundu mawili kwa sindano, akapitisha uzi, akamvisha yeye Hhando shingoni.

"Jumapili uje nacho," alisema. "Wakikuuliza wewe ni wa nani, wasome."